Ndege wa Ushanga na Ndege ya Chuma



Najua ukiliona neno "uhakiki" unakumbuka darasa. Mwalimu kaandika FANI upande mmoja wa ubao, MAUDHUI upande wa pili, mstari katikati, na wewe una njaa. Mimi pia nilikuwa humo. Nilimaliza kidato cha nne, cheti changu hakikunifikisha mbali, na tangu hapo nina kazi mbili. Mchana nauza vocha na kuchaji simu za watu pembezoni mwa soko la Mwanakwerekwe. Usiku naandika riwaya katika madaftari ya shule. Sasa niko daftari la tano na haijesha.

Leo sihakiki kitabu. Katika toleo lililopita ndugu mmoja aliuliza kwa nini ukurasa huu wa uhakiki usiguse na kazi nyengine za sanaa. Mwengine akamjibu kwamba kinyago sawa, picha sawa, lakini ushanga ni pambo tu, hauna cha kuhakikiwa. Jibu lile lilinikaa kooni. Halikunikaa kwa sababu ni la kijinga. Lilinikaa kwa sababu niliwahi kulitoa mimi mwenyewe, kwa maneno mengine, mbele ya mtu ambaye hakustahili kuambiwa hivyo. Nitafika huko.

Nataka kuzungumzia ndege mbili za ushanga. Moja imeonekana dunia nzima. Ya pili iko juu ya kabati la vyombo nyumbani kwa bibi yangu, Mwanakwerekwe, upande wa makaburini.

KUTUNGA NI KUTUNGA

Lugha yetu ishakata shauri hili zamani. Anayepanga maneno yakawa shairi, anatunga. Anayetia chembe za ushanga katika uzi, naye anatunga. Kitenzi ni kimoja. Ila wa kwanza tunamwita mtunzi na kumpa kiti cha mbele, na wa pili tunamwita "yule bibi wa vikuku".

Aliyewahi kukaa karibu na anayetunga ushanga anajua kwamba si kupanga rangi tu. Ukikosea chembe ya 10, hutoijua mpaka ufike ya 200, pale ua linapokataa kufunga. Hapo huna la kufanya ila kufumua. Wewe unayeandika hadithi na ukakwama sura ya saba kwa kosa ulilolifanya sura ya pili, nadhani unanielewa.

Wala ushanga si mgeni katika kisiwa hiki. Wachimbaji wa mambo ya kale walipochimba Unguja Ukuu, bandari iliyokuwa hai zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, walikuta chembe za ushanga wa kioo zilizovuka Bahari ya Hindi. Katika karne ya 19 ushanga kutoka Venice ulishushwa bandarini Unguja kwa wingi, ukapelekwa bara kuwa fedha. Stanley alipokuwa hapa mwaka 1871 akijitayarisha kwenda kumtafuta Livingstone, ilimlazimu ajifunze ushanga kwanza. Kila nchi ya bara ilikuwa na rangi yake. Ile nyekundu, samisami, ilipendwa huku, nyeusi ilitakiwa kule, na msafiri aliyefika na rangi isiyotakiwa alilala na njaa huku magunia yamejaa. Akanunua magunia 22. Ushanga wa namna hiyo ulinunua chakula, ukanunua pembe, na ukanunua watu pia. Sasa kitu kilichobeba mambo yote hayo, leo tukiite pambo tu?

Na Afrika Mashariki wapo wanaoufanyia kazi ya sanaa kweli kweli. Sanaa Gateja wa Uganda, aliyezaliwa Kisoro mwaka 1950, hutengeneza ushanga kwa karatasi zilizokwisha kutumika. Karatasi hukatwa vipande vyembamba, vikaviringishwa, vikatiwa gundi, kisha ushanga ule ukashonwa juu ya kitambaa cha magome ya mti. Kazi zake zimefika mpaka Pittsburgh, Marekani, katika maonyesho ya Carnegie International ya mwaka 2022. Nikimfikiria yeye hucheka peke yangu. Huenda siku moja hata gazeti letu hili likawa ushanga, na uhakiki wangu ukawa chembe moja ya kijivu shingoni mwa mtu. Si haba.

NDEGE YA CHUMA

Ndege ya kwanza ni kazi ya Ralph Ziman. Alizaliwa Johannesburg mwaka 1963, akakulia katika Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na makazi yake yakawa Los Angeles. Ni mtu wa filamu pia. Filamu yake ya Jerusalema ilitoka mwaka 2008. Katika ushanga alianza na silaha ndogo. Alionyesha bunduki za AK-47 zilizotengenezwa kwa waya na ushanga. Mwaka 2016 akaonyesha Casspir, gari la deraya ambalo polisi wa makaburu walilitumia kuingilia mitaa ya Waafrika, limevikwa ushanga mwili mzima. Mwisho akaja kwenye ndege ya vita, MiG-21.

MiG-21 ni ndege ya Urusi ya Kisovieti. Zilitengenezwa zaidi ya 10,000, zikasambazwa nchi nyingi, na Afrika zikaja kwa wingi. Misri ilikuwa nazo, Angola ilikuwa nazo, Somalia ilikuwa nazo, na Uganda ya Idi Amin ilikuwa nazo. Ziman hakutengeneza mfano wake. Alichukua ndege yenyewe, ya kweli, yenye urefu wa kama mita 15. Mafundi wa Zimbabwe na wanawake wa Kindebele wa Mpumalanga, Afrika Kusini, walifanya kazi ya ushanga kwa miaka kama mitano. Chembe zilizotumika zinahesabiwa kuwa kama milioni 35. Kuanzia Juni 2025 ndege hiyo ilionyeshwa katika jumba la Museum of Flight huko Seattle, mji ambao kampuni ya Boeing ilianzia mwaka 1916.

Lazima niseme kweli. Nimeiona kwa simu tu, picha baada ya picha, usiku, baada ya kufunga meza. Kwa hivyo nihesabieni kama mtu anayehakiki taarabu ya harusi ya jirani aliyoisikia kupitia ukuta.

Hata kupitia ukuta, kuna kitu nilichokisikia. Ndege ile inawaka rangi, michoro ya pembe na mistari imeizunguka kama mtu aliyejifunga kanga mpya siku ya Idi. Chuma kile kilitengenezwa kiue kwa haraka. Kukifunika chembe moja moja, kwa mkono, kwa miaka, ni kukilazimisha kiende polepole. Mwendo wa sindano umeushinda mwendo wa injini. Hilo ni wazo kubwa, na sitaki mtu aseme kwamba sikuliona.

Lakini kuna mzee mmoja wa mtaani kwetu ambaye huja kuchaji simu yake kwangu. Alikuwa mwanajeshi, na alipigana vita vya Kagera vya 1978 na 1979, Amin alipotuvamia. Siku moja nikamwonyesha.

"Shikamoo mzee. Hebu tazama hii."

"Marahaba." Akavaa miwani, akaishika simu mbali na uso. "MiG hii. Nani kaifunga kanga?"

Nikamweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kuigeuza simu, mara juu chini, mara ubavu.

"Tumbo lake liko wapi?"

"Tumbo?"

"Siye tuliijua kwa tumbo. Ukishaiona ubavu, ishakupita, huna khofu tena. Aliyepiga picha hii hakuogopa kitu."

Akachukua simu yake ikiwa na asilimia 40 tu, akaenda zake. Nilikaa nikipekua picha zote nilizokuwa nazo nikilitafuta tumbo. Ubavu upo, mabawa yapo, pua ipo, mkia upo. Tumbo, katika nilizozipata mie, halimo.

NDEGE WA BIBI

Sasa njoo na mimi nyumbani. Vua viatu, ukumbi umepigwa deki.

Ndege wa pili ana urefu wa dhiraa moja, kutoka kiwiko changu hadi ncha ya kidole. Mifupa yake ni waya. Ushanga umetungwa kwa mshipi wa kuvulia samaki, kwa sababu uzi wa kawaida hukatika. Ushanga mwingi ulinunuliwa Darajani, kidogo kidogo, kila mtu alipokwenda mjini. Ule mwekundu wa mlangoni haukununuliwa kwa ajili yake. Ulitoka mahali pengine, na sitaki kusema wapi. Kina mama watakaosoma watafahamu.

Utaona nimesema "ndege wa", si "ndege ya". Mwalimu wetu wa Kiswahili angetia mstari mwekundu, kwa kuwa ndege mwenye manyoya ni huyu na ndege ya abiria ni hii. Bibi yangu husema huyu. "Huyu mpanguse vumbi." "Huyu msimweke juani." Zamani nilikuwa nikimsahihisha.

Asili yake ni hii. Mwaka 2009 mjomba wangu, mtoto wake wa pili, alipata kazi Muscat. Nilikuwa na miaka minane. Watu wote walikwenda Kisauni kwenye kiwanja cha ndege kumsindikiza, daladala mbili zilijaa. Bibi hakwenda. Alisema ana kazi jikoni. Mimi nilikuwa na homa, nikaachwa naye. Alasiri tukasikia ngurumo, akatoka jikoni mkono una unga, akasimama uani akatazama juu. Ndege ikapita juu ya mapaa ya mabati, ikapanda, ikaingia mawinguni. Aliendelea kutazama muda mrefu baada ya kwisha sauti. Kisha akaniuliza kama nimeiona. Nikamwambia nimeiona.

Mwaka uliofuata akaanza kutunga. Hakumwambia mtu anatunga nini. Kazi yangu ilikuwa kumtilia mshipi katika sindano, kwa sababu hata wakati ule macho yake yalikuwa yanapunguza. Alitunga baada ya Isha, kibatari wakati umeme umekatika, taa wakati upo. Mwezi mwengine safu tatu, mwezi mwengine hakuna.

Ukimpindua ndege huyu ndipo utakapomwona. Tumbo lake lina kazi ya ajabu. Kijivu kimeanza kizito katikati, kikapungua kwenda kwenye mabawa, kwa hesabu, chembe moja moja, mpaka kikawa fedha. Matairi yapo, hayajaingia ndani bado, kwa sababu ndege ile wakati inapita juu yetu ndiyo kwanza imetoka ardhini. Kuna taa nyekundu, chembe moja. Kuna mstari wa vivuli ambapo bawa linashikana na mwili. Lakini mgongoni hakuna kitu. Weupe mtupu, safu kwa safu.

"Bibi, mbona mgongoni hukutia chochote?"

"Mgongo wake nimeuona wapi mie?"

Madirisha ameyatia, kwa kuwa mjomba alimwambia kwa simu kwamba alikaa dirishani akalitafuta paa la nyumba. Yako madirisha saba upande ule, na bibi amezaa watoto saba. Kila dirisha ni chembe moja kubwa yenye rangi yake. La mjomba ni la buluu. Dirisha la nne halina chembe. Ni tundu, na ukimnyanyua ndege mbele ya mwanga unaona upande wa pili. Mtoto wa nne alifariki mdogo, na kaburi lake liko hapo hapo Mwanakwerekwe, mwendo wa dakika tano kwa miguu. Naye amesafiri pamoja na wenziwe.

KUFAULU NA KUTOFAULU

Shuleni tulifundishwa kwamba uhakiki haujakamilika mpaka useme msanii amefaulu wapi na hakufaulu wapi. Haya.

Ziman amefaulu katika ukubwa wa wazo na katika subira. Amefaulu pia kuchagua ushanga, maana angeweza kuipaka rangi ndege ile kwa wiki moja. Ninapoona hakufaulu ni hapa. Ushanga wake umevikwa. Umbo lilikuwepo tayari, limetoka kiwandani, na chembe milioni 35 zimelifuata kila mkunjo kwa utiifu. Ukiuondoa ushanga wote, MiG bado ni MiG. Ukiuondoa ushanga wa bibi, unabaki na waya uliopinda, hujui ulikuwa bata au mwavuli. Kwake yeye ushanga ndio umbo.

Utaniambia hiyo ndiyo maana yenyewe ya kazi ya Ziman, kwamba silaha imebaki humo ndani na sisi tuione kupitia urembo. Nakubali. Lakini mzee wa Kagera hakuiona. Aliitafuta khofu yake katika picha zile akaikosa, na mimi namwamini kuliko ninavyojiamini.

Tena kuna suala la majina. Habari zote zilizonifikia zinaanza na Ziman, kisha zinasema "mafundi", kisha "wanawake wa Kindebele". Yeye ndiye mtunzi, wao ni wengi. Nilipoanza kuandika makala hii nilikuwa na aya nzima ya kulaumu jambo hilo, kali sana, nikaisoma kwa sauti nyumbani. Bibi akasikiliza. Akasema, "Na mie usinitie gazetini." Nikamwambia hii ndiyo nafasi ya jina lake kujulikana. Akasema jina lake linajulikana na wanaomjua. Basi aya ile nimeifuta. Siwezi kumlaumu mtu kwa kutotaja majina huku na mimi naandika "bibi yangu" mwanzo hadi mwisho.

Bibi naye ana kasoro? Anazo. Mabawa yake yamekaa juu kidogo, kama ya ndege mwenye manyoya anapopiga, na hakuna ndege ya abiria iliyopata kuruka hivyo. Injini ni moja, upande mwengine amesahau, au hakuiona. Mkia ni mfupi.

Na hapa ndipo nilipoahidi kufika. Nilipokuwa kidato cha pili, fasihi imenipanda kichwani, nilimwambia yote haya. Nilisimama ukumbini na sare yangu, nikamwambia kazi yake ni nzuri lakini fani ina mapungufu, mabawa hayana uhalisia, na hata hivyo ushanga ni mapambo. Wakati ule bawa la kushoto lilikuwa bado nusu.

Bibi akasema, "Haya, mwalimu."

Akamweka ndege juu ya kabati, na kwa karibu miaka miwili hakumgusa. Sindano sikuitwa tena kuitia uzi. Na katika miaka miwili hiyo mtoto wa jicho alimwingia macho yote mawili, mpaka alipotaka kurudi kwenye kazi yake akawa hawezi tena. Sisemi mimi ndiye niliyempofua. Nasema muda aliokuwa nao wa kuona, sehemu yake niliila mimi kwa maneno ya ubaoni.

BAWA LA KUSHOTO

Mwaka jana mwenye duka mmoja wa Mji Mkongwe, anayeuza vitu kwa watalii, alimwona ndege huyu kwenye simu ya mama yangu mdogo. Akaja. Akatoa bei ya shilingi 300,000, na masharti mawili. Bawa limalizwe, na tumboni patungwe neno ZANZIBAR kwa herufi kubwa.

Kwetu 300,000 ni hela. Bibi alikuwa anahitaji kutolewa mtoto wa jicho, na kuna safari, kuna dawa, kuna miwani baadaye. Mama mdogo akasema, na alikuwa na haki, "Macho au ndege?" Kila mtu akanitazama mimi, msomi wa nyumba. Nilikuwa na maneno mengi kuhusu sanaa. Sikusema hata moja, kwa sababu macho hayakuwa yangu.

Nikamaliza bawa. Usiku sita nilikaa na sindano, nikifuata mfano wa bawa la kulia. Nilipomaliza nikampelekea bibi. Akalipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole safu kwa safu, polepole, macho ameyafumba. Akasimama mahali.

"Hapa ulilala."

Ilikuwa kweli. Usiku wa nne nilisinzia, nikaruka chembe mbili, nikaziba kwa kuvuta mshipi. Kwa macho nilikuwa siioni tena sehemu yenyewe.

Mwenye duka aliporudi, bibi alimwambia bawa tayari, lakini neno halitungwi. Akaulizwa kwa nini. Akasema ile iliyopita ilikuwa haikuandikwa kitu tumboni. Yule bwana akacheka, akaeleza kwa adabu kwamba bila ya jina mgeni hatojua ndege ametoka wapi. Bibi akasema, "Yeye anajua." Biashara ikafa hapo.

Siku mbili watu hawakusemezana vizuri nyumbani. Baadaye mjomba akaleta sehemu kutoka Muscat, nyengine tukachangishana, na baada ya Ramadhani jicho moja likafanywa. Siku ya tatu ruhusa ya kuondoa kitambaa ilipotoka, aliangalia watu kwanza, mmoja mmoja, akanambia nimekonda. Kisha akataka ateremshiwe ndege. Akalitazama bawa la kushoto. Akataka mkasi.

Alianza pale nilipolala. Nikadhani ataishia hapo. Akafumua usiku wa tano, akafumua wa sita, akarudi nyuma akafumua wa tatu, wa pili, na wa kwanza. Ushanga wangu wote ulijaa kisahani cha chai. Nilikuwa nimesimama nikitazama, na nakiri nilikasirika. Halafu akanyoosha mkono bila ya kunitazama.

"Tia uzi."

Nikatia.

Ndugu waandishi wenzangu, sura ya tatu ya riwaya yangu shujaa anapanda ndege kwenda London. Viti vya ngozi, mhudumu anatabasamu, mawingu chini kama pamba. Mie ndege sijaingia. Nilivichota vyote kwenye filamu. Nimeandika sura nzima ya mgongo wa kitu ambacho nimekiona tumbo tu, na tumbo lenyewe, lililopita juu ya uani kwetu nikiwa na miaka minane na homa, halimo mahali popote katika madaftari matano. Sasa narudi daftari la kwanza. Najua wengine wenu mna sura kama ile. Mnazijua wenyewe.

Bawa la kushoto halijesha bado. Bibi hutunga jioni, kwa jicho moja, safu moja au mbili, kisha hupumzika. Mabawa ameyaacha juu vile vile, na sijasema kitu. Wiki iliyopita aliniruhusu kutunga safu moja. Aliniangalia mwanzo hadi mwisho, akaivuta kupima kama imekaza, akanionyesha pa kuishonea. Iko mgongoni, katika ule weupe, ambapo aliyesimama chini hawezi kuiona.